Chombo cha kwenda kwenye asteroidi dola milioni 220, barabara ya Entebbe dola milioni 476: nani hapa kapigwa?

#1 Konda_wa_Ntinda
Wadau, habari za jioni. Jana umeme ulikatika, simu ilikuwa na chaji, nikajikuta nasoma habari za vyombo vya angani visivyobeba watu. Kuna kimoja kiliitwa NEAR, cha Wamarekani, kilirushwa Februari 1996 kwenda kuchunguza jiwe la angani (asteroidi) linaloitwa Eros. Kila anayekiandika anakisifu kuwa kilikuwa cha bei nafuu. Nikaitafuta hiyo bei: kama dola milioni 220. Nikapiga hesabu kwa shilingi yetu, karibu bilioni 800. Nikacheka peke yangu gizani mpaka mke wangu akauliza nimeandikiwa nini na nani.

Halafu nikakumbuka ile barabara ya kulipia ya Kampala hadi Entebbe. Kilomita kama hamsini, dola milioni 476. Yaani kwa pesa ya lami ya kwenda Entebbe unapeleka vyombo viwili Eros, na chenji inabaki ya kuwanunulia rolex (ile chapati ya mayai, siyo saa) abiria wote wa stendi ya zamani.

Swali langu: hao wenzetu ni mabahili kweli, au hiyo "bei nafuu" ni lugha ya kutufunga macho? Mimi siamini kitu kinachoruka miaka mitano kinaweza kuwa rahisi kuliko barabara.

#2 MamaZaituni_Owino
Konda analalamikia barabara ya kulipia na nauli alishaipandisha siku nyingi. Nimeweka kigoda changu hapa, endeleeni.

#3 Mhasibu_Jinja
Mleta uzi, dola ya 1996 si dola ya barabara iliyofunguliwa 2018. Ile 220 ukiileta leo inakaribia mara mbili, kwa hiyo chenji yako ya rolex imeliwa na mfumuko wa bei. Chukua mfano wa juzi: DART, chombo cha Wamarekani cha kwenda kugonga asteroidi makusudi, iliyorushwa Novemba 2021, kama dola milioni 325. Hapo angalau unapima muhogo kwa muhogo. Bado iko chini ya barabara, sikatai.

Lakini ukisoma hesabu za mtu, tafuta kwanza kile ambacho hakukiandika. Chombo kikiwa huko mbali kinasikilizwa na antena kubwa za California, Hispania na Australia. Mtandao huo upo tangu miaka ya sitini, na kila safari mpya inaukuta tayari. Ni kama mimi nikuambie nimetoka Jinja hadi Kampala kwa lita nane za mafuta, nawe usiniulize daraja la Nile nimelivukaje na nani alilipia.

#4 Konda_wa_Ntinda
Mhasibu, asante. Rolex nimezifuta kwenye bajeti.

#5 FundiKisekka
Nyinyi ongeleeni bei, mimi naongelea injini.

Wajapani walirusha Hayabusa Mei 2003 kwenda kwenye jiwe linaloitwa Itokawa, urefu wake mita kama 535. Mwaka ule ule jua likalipuka, paneli za sola zikachakaa. Kilikuwa na magurudumu matatu ndani ya kukiweka sawa. 2005 mawili yakafa. Kikaachia kiroboti kidogo kiende kirukeruke juu ya jiwe, kikaachiwa wakati mbaya, kikapotelea angani. Kikatua, risasi ya kupasua jiwe haikufyatuka. Kikaondoka, mafuta yakavuja, kikaanza kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, na Desemba mawasiliano yakakatika. Zaidi ya mwezi mzima kimya.

Sasa sikilizeni hapa. Novemba 2009 kiko njiani kurudi. Injini zake za ioni zilikuwa nne na zimechoka. Injini ya aina hiyo ina sehemu mbili: moja inatema chembe zenye chaji, nyingine inasawazisha chaji ili chombo kisijivutie uchafu wake chenyewe. Mafundi wakachukua sehemu ya kutema ya injini moja, na ya kusawazisha ya injini nyingine, wakazifungia kazi pamoja. Mbovu mbili zikatoa nzima moja. Kikafika Juni 2010, chombo kikaungua angani, kapsuli ikadondoka jangwani Australia.

Mimi niliposoma hivyo nilisimama. Wiki iliyopita hapa Kisekka, soko letu la vipuri vya magari, nimefunga kichwa cha injini cha Ipsum moja kwenye bloku ya Ipsum nyingine, gasketi ya sampu nimeikata mwenyewe kwa mkasi, na mwenye gari kaondoka anapiga honi. Tofauti ni kwamba mimi nilishika spana. Wale waliunganisha kwa amri ya redio, na waliweza kwa sababu njia ya umeme ya kuziunganisha ilishawekwa chombo kikiwa bado karakana. Aliyeiweka alijua kitaharibika. Hiyo ndiyo siri ya bei nafuu. Mtu mwenye pesa nyingi hununua kitu akiamini hakitaharibika.

#6 MamaZaituni_Owino
Kumbe Kisekka iko mpaka Japani. Na side mirror za watu huko zinapona?

#7 FundiKisekka
Mama Zaituni, hayo ya vioo waulize walio nje ya geti. Mimi niko ndani.

#8 Binti_wa_Arua
Fundi nakusalimu, hadithi nzuri na haina uongo. Ila hujajibu swali. Kukarabati kwa akili kunaokoa safari, hakushushi bei ya kuijenga. Nasoma fizikia mwaka wa pili, nijaribu.

Sababu kubwa ni jiwe lenyewe. Ukitaka kutua mwezini lazima ubebe mafuta ya kufunga breki, maana mwezi unakuvuta. Itokawa haina mvuto wa kusema: ukisimama juu yake ukaruka kwa miguu, umeondoka, hurudi tena. Kwa hiyo huhitaji roketi ya pili ya kutulia, wala ya kunyanyukia. Baadhi ya asteroidi zinazopita jirani na dunia hufikiwa kwa mafuta machache kuliko kutua mwezini, ingawa mwezi uko karibu zaidi. NEAR hakikuwa hata na miguu ya kutulia. Februari 12, 2001, baada ya kuzunguka Eros mwaka mzima na kumaliza kazi, wakakishusha polepole, kikagusa kwa kasi ya mtu anayewahi basi, na kikaendelea kutuma data hadi mwisho wa mwezi.

Mafuta machache, chombo chepesi. Chombo chepesi, roketi ndogo. Roketi ndogo, bili ndogo.

#9 Konda_wa_Ntinda
Kwa hiyo kilikuwa rahisi kwa sababu kilianguka polepole?

#10 Binti_wa_Arua
Ukitaka kuisema kikonda, ndiyo.

#11 AfandeMstaafu_Bombo
Watoto, mimi fizikia sina. Nina miaka thelathini ya kusubiri vitu vya serikali.

Angalieni muda, siyo bei. Safari ya kimondo ina siku yake ya kuruka. Ikipita hiyo, jiwe limekwenda, unasubiri miaka. Hakuna mkandarasi wa kuja kuomba nyongeza ya miezi kumi na minane kwa sababu ya mvua. NEAR walikijenga chini ya miaka mitatu kwa sababu hawakuwa na njia. Pesa haiibiwi siku moja, inaibiwa katika kuchelewa. Nikiwa kazini tulijengewa bohari, ikasemwa miaka miwili. Ikawa minane. Mlango ulipofungwa kwa mara ya kwanza kufuli ilikuwa imeshapata kutu. Kwa miaka minane hilo jiwe lenu limezunguka jua mara ngapi?

#12 Binti_wa_Arua
Eros huzunguka jua kwa mwaka mmoja na miezi tisa. Mara nne na nusu, afande.

#13 AfandeMstaafu_Bombo
Umesikia, konda.

#14 Mhasibu_Jinja
Afande, kwa heshima zote, na chenyewe kilichelewa. Kilitakiwa kuingia kwenye mzunguko wa Eros Januari 1999. Desemba 1998 wakawasha injini kubwa, ikajizima yenyewe, chombo kikapoteza mwelekeo, mawasiliano yakakatika zaidi ya siku nzima. Kikapita pembeni ya jiwe kikipiga picha za mbali, kikalazimika kuzunguka jua tena. Kiliingia Februari 14, 2000.

#15 MamaZaituni_Owino
Subiri. Eros si ndiye yule mungu wa mapenzi wa Wagiriki? Na wamefika kwake siku ya wapendanao, mwaka mmoja baada ya miadi, wanasema injini ilizima njiani?

Basi hata vyombo vya angani ni vya kiume.

#16 Mwl_Bukoba
Nawasoma kutoka ng'ambo ya mpaka. Afande pale #11 kaandika "safari ya kimondo". Hapana. Kimondo ni kile kinachoonekana kikiwaka angani kikianguka, na jiwe lake likifika chini. Sisi tunacho cha Mbozi, tani kama kumi na sita, kimelala pale watu wanakipanda kupiga picha. Likiwa bado huko juu linazunguka jua lake, hilo ni asteroidi. Msitie watoto upofu. Kiswahili chenyewe mnacho kwa mkopo.

#17 AfandeMstaafu_Bombo
Mwalimu, bibi yangu Bombo hapa alituambia kimondo ni kijinga cha moto anachorushiwa shetani akipanda kudukua habari za mbinguni. Sasa kama kinarushwa, lazima kilikuwa kimewekwa mahali kabla ya kurushwa. Pale kilipowekwa kinaitwaje?

#18 Mwl_Bukoba
Hapo umenikamata. Tuseme ghala.

#19 MamaZaituni_Owino
Na si kwa mkopo, mwalimu. Katiba yetu ilikitaja lugha rasmi ya pili tangu 2005, na 2022 baraza la mawaziri likasema kifundishwe shuleni kwa lazima. Tuache tukivunje kihalali.

#20 Mtoto_wa_Namatala
Nimesoma tangu mwanzo najizuia. Nyinyi mnahesabu mamilioni ya dola kwenda kuchukua jiwe. Sisi Mbale tuliletewa mpaka mlangoni, bure.

Agosti 14, 1992, siku ya Ijumaa, saa tisa na dakika arobaini alasiri. Nilikuwa darasa la nne. Tulikuwa nje na dada zangu tunamenya muhogo, watu wametoka msikitini kitambo. Mbingu nyeupe, hakuna wingu la mvua. Ikapiga ngurumo, lakini ngurumo isiyokwisha, kama mtu anaburuta mabati juu ya mabati kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine. Mbuzi wakakata kamba. Mama akatuvuta ndani chini ya kitanda, maana kwa mtu wa miaka ile mlio kama huo ulikuwa na maana moja tu.

Kesho yake jirani akaonyesha kitundu shambani kwake, kipana kama kikombe cha chai. Ndani kulikuwa na jiwe la kujaa kiganja. Nje lina ngozi nyeusi kama masizi ya sufuria ya kuni, na pale lilipopasuka ndani ni kijivu kama saruji iliyokauka, na vijipunje vinang'aa. Zito kuliko lilivyoonekana. Ninachokumbuka zaidi ni kwamba halikuwa na joto. Tulitegemea litatuunguza.

Kijana mmoja lilimpiga kichwani, kijiwe cha gramu kama 3, lakini lilikuwa limeshagonga majani ya mgomba yakalipunguza kasi, hakuumia. Wapo waliosaga mawe yale wakanywa, wakiamini ni dawa ya ukimwi. Miaka ile mtu angemeza chochote. Wataalamu walipokuja kupima wakakadiria zaidi ya kilo 150 zimeanguka, kubwa kuliko yote kilo 27 na ushei.

Sasa niambieni, kwa nini mtu alipe bilioni 800?

#21 Mhasibu_Jinja
Hapo ndipo swali la uzi lilipotakiwa kuanzia. Tuweke bei ya gramu. OSIRIS-REx ya Wamarekani ilileta gramu 121.6 kutoka asteroidi ya Bennu, Septemba 2023, kwa zaidi ya dola bilioni moja ukijumlisha yote. Dola milioni tisa na ushei kwa gramu. Hayabusa2 ilileta gramu 5.4 kutoka Ryugu mwaka 2020. Hayabusa ya fundi ilileta chembe kama 1,500 zisizoonekana kwa macho. Hiyo bei ya gramu sitaipiga, kikokotoo changu ni cha kawaida.

#22 MamaZaituni_Owino
Nipimie robo.

#23 Binti_wa_Arua
Kaka wa Namatala, nimesoma yako mara mbili. Jibu ni kwamba jiwe lenu lilikuja bila barua. Limeungua likipita hewani, likaangukia udongo, likanyeshewa, likashikwa na mikono, na hakuna ajuaye lilibanduka kwenye asteroidi ipi.

Na hapa zile chembe 1,500 ndipo zilipolipa. Mawe mengi yanayoanguka duniani ni ya jamii moja, ya kawaida kabisa. Darubini zilipoangalia asteroidi zinazodhaniwa kuwa mama zao, rangi zilikuwa hazilingani sawasawa, na wataalamu wakabishana miaka mingi. Vumbi la Itokawa likaonyesha ni jamii ile ile: uso wa asteroidi hubadilika rangi kwa kupigwa na upepo wa jua, ndani ni jiwe lile lile. Itokawa imo kwenye kundi wanaloliita LL. La Mbale ni L. Ni mtoto wa mkubwa na mtoto wa mdogo.

Kwa hiyo Wajapani walikwenda kilomita kama milioni 290 kuthibitisha ukoo wa jiwe lililoanguka kwenye mgomba wenu.

#24 Mtoto_wa_Namatala
Mama yangu angefurahi kusikia hivyo. La kwetu walilichukua wageni wakatupa elfu chache, tukanunua sukari.

#25 Dereva_Malaba
Mmenifungua kidonda. Miaka mitatu iliyopita kuna mtu alinipata kwenye foleni ya malori hapa mpakani, ana jiwe kwenye gazeti, anasema ni la Mbale, la 1992, lina uzito wa kilo moja na nusu. Akaweka sumaku, ikanasa. Nikatoa laki sita. Niliambiwa Nairobi kuna mnunuzi wa milioni ishirini. Bado ninalo, linazuia mlango usipigwe na upepo.

#26 FundiKisekka
Dereva, lina vitundu vitundu kama mkate?

#27 Dereva_Malaba
Linavyo. Alisema ni pumzi ya angani.

#28 FundiKisekka
Pole ssebo. Hayo ni mavi ya chuma. Chuma kikiyeyushwa tanurini, taka inayobaki juu ikipoa ndiyo hiyo, na sumaku inanasa kwa sababu chuma kimebaki ndani. Chukua tupa, kwaruza pembeni. Jiwe la kweli la aina ya Mbale ndani utaona kijivu kimeshikamana, na vijidoa vya chuma vinang'aa hapa na pale, bila vitundu.

#29 Mhasibu_Jinja
Na huku kwetu Jinja karibu na viwanda yamejaa, watu wanafukia nayo mashimo ya barabara. Laki sita ungepata lori.

#30 Dereva_Malaba
Nimekwaruza. Naomba tubadilishe mada.

#31 Kijana_wa_Mukono
Nilitaka kuingia tangu #8. Dada wa Arua yuko sahihi kuhusu mvuto, lakini sababu ya sasa hivi ni nyingine: vyombo vimekuwa vidogo. Uganda yenyewe tumejenga. PearlAfricaSat-1, kijisanduku cha sentimita kumi kila upande, uzito wa kilo moja hivi. Vijana watatu wa hapa walikijenga Kyushu, Japani, kikarushwa Novemba 2022, kikaachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Desemba 2, pamoja na cha Zimbabwe na cha Wajapani. Kituo cha kupokea data kiko hapa Mpoma, naweza kwenda kwa boda.

Sasa chukua vijisanduku kama hivyo sita au kumi na viwili, uviunganishe, utie injini ndogo, tayari una chombo cha kwenda kwenye asteroidi.

#32 AfandeMstaafu_Bombo
Kijana, hicho chetu kilikwenda umbali gani?

#33 Kijana_wa_Mukono
Kilomita 400 hivi juu, afande. Kama Kampala hadi Kabale, ila kwa kusimama.

#34 AfandeMstaafu_Bombo
Na Itokawa wanasema kilomita milioni 290. Sawa. Endelea.

#35 Mhasibu_Jinja
Kijana, taja na zile zilizokufa. NEA Scout: kilo 14, tanga la kusukumwa na mwanga wa jua lenye mita za mraba 86, bei ndogo, kila mtu anashangilia. Ikaondoka Novemba 2022 pamoja na roketi kubwa ya Artemis. Haikusikika hata mara moja. Februari 2025 kampuni moja binafsi ikatuma kijichombo kiitwacho Odin kwenda kupiga picha asteroidi kwa dola milioni chache. Kikapotea ndani ya siku chache. Kitu cha bei rahisi kikifa njiani, bei yake ni ipi? Umelipa kidogo kwa kutopata chochote.

#36 Kijana_wa_Mukono
Sijakataa. Ni mkeka. Ukiweka laki tano kwenye mechi moja ukakosa, unalala njaa. Ukiweka elfu mbili mbili kwenye mikeka hamsini, mmoja ukijibu umerudi. LICIACube ya Waitaliano ilikuwa na kilo 14 vile vile. Iliachiwa na DART siku 15 kabla ya mgongano, ikapiga picha za vumbi likitoka Dimorphos, jiwe lililogongwa, Septemba 26, 2022. Huo ulijibu.

#37 MamaZaituni_Owino
Mwanangu, naujua mkeka, nina shemeji. Yule wa elfu mbili mbili ndiye aliyeuza friji.

#38 FundiKisekka
Mama kamaliza. Ndiyo nasema tengeneza kitu kinachokarabatika, usitupe vijisanduku kama unapanda mtama.

#39 Binti_wa_Arua
Fundi, Hayabusa ilikuwa kilo 500 hivi. Ungetaka nafasi ya kuweka injini nne kwenye kijisanduku ungeiweka wapi?

#40 FundiKisekka
Nipe kijisanduku kwanza, tutajua.

#41 Konda_wa_Ntinda
Mimi ndiye mleta uzi na nimepotea. Tuna: ni rahisi kwa sababu antena zilishalipiwa (Mhasibu), kwa sababu ya mafundi (Fundi), kwa sababu jiwe halivuti (Binti), kwa sababu halingoji mkandarasi (Afande), kwa sababu ni kidogo (Kijana). Ipi ndiyo?

#42 Mhasibu_Jinja
Ongeza moja. Ni rahisi kwa sababu bili imekatwa vipande. DART iligonga kwa kilomita sita na ushei kwa sekunde, ikafupisha muda wa lile jiwe kulizunguka jiwe mwenzake kubwa kwa dakika kama 33. Safi. Lakini uzito wa jiwe haukujulikana, na athari ya kishindo ukaachiwa uikisie. Ikabidi Wazungu wa Ulaya watume Hera, Oktoba 2024, ifike mwishoni mwa 2026 kupima. Hiyo ni zaidi ya euro milioni 350 nyingine. Jumlisha uone kama barabara yako bado ni ghali.

#43 Konda_wa_Ntinda
Barabara yangu ina mashimo mawili baada ya Kajjansi. Bado ni ghali.

#44 Dereva_Malaba
Swali la mtu aliyepigwa laki sita: kwa nini tusirushe wenyewe? Tuko ikweta. Nilisikia ikweta dunia inakupa msukumo wa bure.

#45 Binti_wa_Arua
Ni kweli. Ikweta dunia inazunguka mita kama 465 kwa sekunde kuelekea mashariki, unapanda roketi ukiwa tayari na kasi hiyo.

#46 FundiKisekka
Basi Kayabwe, pale kwenye duara la ikweta. Tuwaombe wale wanaozungushia watalii maji kwenye beseni wasogee kidogo.

#47 Kijana_wa_Mukono
Tatizo roketi huelekea mashariki, na vipande vyake vya chini huanguka njiani. Kutoka Kayabwe vitamwangukia Mkenya. Ndiyo maana Waitaliano walijenga jukwaa lao la San Marco baharini karibu na Malindi. Desemba 12, 1970, siku Kenya ikiadhimisha uhuru, iliruka pale setilaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miale ya eksirei, wakaiita Uhuru.

#48 Mwl_Bukoba
Uhuru! Miaka zaidi ya hamsini iliyopita Kiswahili kiko angani, nyinyi mnabishania kimondo.

#49 AfandeMstaafu_Bombo
Wewe ndiye uliyeanza, mwalimu.

#50 Konda_wa_Ntinda
La mwisho kabla sijalala, kesho zamu yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Mwanzoni mwa 2025 kuna jiwe walisema 2032 linaweza kutugonga, na mstari wake ulipita Afrika. Liliishia wapi?

#51 Binti_wa_Arua
Linaitwa 2024 YR4. Februari 2025 uwezekano ulifika asilimia 3 na kidogo, halafu wakapima zaidi ukaporomoka karibu na sifuri. Hilo la 2032 lisikunyime usingizi.

La kukesha ni Apophis, Aprili 13, 2029. Lina upana wa zaidi ya mita 300. Halitugongi, wamepima kwa rada, kwa miaka mia ijayo tuko salama. Lakini litapita kilomita kama 32,000 tu juu ya ardhi, chini ya setilaiti za dishi la nyumbani kwako, na litaonekana kwa macho matupu kutoka Afrika. Kwa saa zetu litakuwa karibu zaidi kama saa sita na dakika 46 usiku, Ijumaa kuamkia Jumamosi. Utaona kama nyota ya kawaida, ila inatembea kuelekea magharibi.

#52 Mtoto_wa_Namatala
Nitakuwa uani. Safari hii sijifichi chini ya kitanda.

#53 Konda_wa_Ntinda
Bila dola hata moja. Nawaleta watoto juu ya kilima cha Kololo. Umeme ukikatika siku hiyo itakuwa mara ya kwanza nashukuru.

#54 MamaZaituni_Owino
Aprili? Kampala? Usiku?

Konda, beba mwavuli.